Dakika 25 za kuwasilisha thioremu ya Williams (muda t, nafasi √(t log t)): nikate nini, nibakize nini?

sakiti_fupi aliuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Semina ya idara imenipangia dakika 25, maswali yakiwa humo humo, niwasilishe makala ya Ryan Williams iliyotolewa STOC 2025 (mkutano mkubwa wa nadharia ya kompyuta) kule Prague. Thioremu yenyewe: tatizo lolote la ndiyo au hapana linalotatuliwa kwa hatua t kwenye mashine ya Turing yenye tepe nyingi (kompyuta ya kinadharia ambayo vichwa vyake vinasoma na kuandika kwenye tepe) linaweza kutatuliwa kwa nafasi, yaani kumbukumbu, ya √(t log t), ukiacha kizidishi kisichobadilika. Wasikilizaji ni mchanganyiko. Nusu ni watu wa aljebra ambao mashine ya Turing wanaijua kwa jina, waliobaki wamesoma uchangamano hadi kufikia matatizo ya NP-kamili.

Nina slaidi 34 na bado sijafika kwenye algoriti ya Cook na Mertz, ya kukokotoa mti wa hesabu kwa nafasi ndogo, ambayo ndiyo moyo wa uthibitisho. Nikieleza mashine vizuri, muda unaisha. Nikiruka mashine, watu wa aljebra hawatajua mti huo umetoka wapi. Mngekata wapi?

Na la pili: nina matokeo madogo yangu mwenyewe kuhusu sakiti zenye kina kidogo (sakiti za milango ya mantiki zenye ngazi chache), kurasa kama 14. Yapelekwe mkutano gani, na ratiba zao zikoje?

---

kipeuo_cha_pili alijibu:

Slaidi 34 hazitoshi kwenye dakika 25 hata ukisema haraka. Tenga dakika 20 za kusema na 5 za maswali. Slaidi yenye hisabati inayosomwa kweli inakula dakika moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo lenga 11, zisizidi 12.

Dakika tatu za mwanzo ni za kauli na uzito wake. Andika thioremu moja tu, kwa ukamilifu: t(n) si ndogo kuliko n, mashine ina idadi isiyobadilika ya tepe. Chini yake weka kilichojulikana kabla: Hopcroft, Paul na Valiant, katikati ya miaka ya 1970, walipata nafasi ya t/log t, na kwa miaka karibu 50 hakuna aliyeishusha kwa mashine za jumla. Halafu toa namba ili watu waone tofauti. Kwa t = 2^20, yaani hatua 1,048,576, t/log t ni kama 52,400, ilhali √(t log t) ni kama 4,580 (vizidishi havimo). Mstari huo mmoja unafanya kazi ya slaidi tatu za historia.

Sasa mashine. Usieleze kanuni za mpito, alfabeti wala hali. Sema hivi: hatua t zinakatwa vipande vyenye hatua b, kwa hiyo kuna vipande t/b. Tepe nazo zinakatwa vitalu vyenye seli b. Kuna mbinu ya wale wale watatu inayopanga mashine upya ili kichwa kivuke mpaka wa kitalu mwishoni mwa kipande tu, kwa gharama ya kuongeza muda kwa kizidishi kisichobadilika. Itaje kama zana iliyopo, usiithibitishe. Uthibitisho wake unachosha na hauna wazo unalolihitaji baadaye.

Kutoka hapo grafu inakuja yenyewe. Kila kipande ni kifundo. Matokeo ya kifundo ni hali ya mashine, mahali pa vichwa na yaliyomo kwenye vitalu vilivyoguswa: biti O(b), yaani zisizozidi b mara kizidishi kisichobadilika. Kuyakokotoa unahitaji matokeo ya vifundo vichache tu vya nyuma: kipande kilichotangulia, na kwa kila utepe, kipande cha mwisho kilichogusa kitalu hicho. Ikiwa tepe ni k, mishale inayoingia haizidi k + 1. Chora mstari wa muda, vitalu vinne na mishale. Mchoro huo ubaki kwenye skrini angalau dakika mbili.

Ukiikunjua grafu kutoka kifundo cha mwisho kurudi nyuma unapata mti wenye kimo t/b, na kila kifundo kinabeba biti b. Hapa simama uandike hesabu ya njia ya kawaida. Ukikokotoa mti kwa kujirudia, katika kila ngazi lazima ushike thamani ya mtoto wa kwanza wakati unakokotoa wa pili. Biti b mara ngazi t/b ni t. Hujaokoa kitu. Hili ni la lazima kwa watu wa aljebra: wakiona kwamba njia ya wazi inarudisha t ile ile, watataka wenyewe kujua kinachoivunja.

Kinachoivunja ni Cook na Mertz, STOC 2024: mti wenye kimo h, matawi d kwa kila kifundo na thamani za biti b unakokotolewa kwa nafasi O(db + h log(db)). Kwa wasikilizaji wako d haibadilika, basi andika b + h log b. Weka h = t/b, na ukichagua b = √(t log t) sehemu mbili zinalingana. Uthibitisho umekwisha kwa mistari miwili. Fika hapo kabla ya dakika ya 12.

Dakika nane zilizobaki zote wape Cook na Mertz. Wengi wanaowasilisha makala hii wanakosea hapo: wanaimaliza kwa mistari miwili ile, wasikilizaji wanapiga makofi, kisha wanaondoka wakiamini kwamba kiini ni kukata muda vipande. Vipande ni vya 1975. Kipya ni kwamba kumbukumbu iliyojaa inaweza kutumika bila kufutwa.

---

chaki_na_ubao alijibu:

Nakubaliana na mpangilio, ila dakika nane za mwisho zisiwe kwenye slaidi. Zima projekta uandike ubaoni. Wazo la Cook na Mertz linaonekana lote kwenye mfano mdogo unaotokana na Ben-Or na Cleve (1988), na mfano ukiandikwa mstari kwa mstari kila mtu anaufuata.

Chukua rejista tatu, R1, R2, R3, zikiwa tayari zimejaa thamani za mtu mwingine: τ1, τ2, τ3. Hujui ni nini na huruhusiwi kuziharibu. Una programu inayoongeza x kwenye R1, nyingine inayoongeza y kwenye R2, na kinyume zake zinazotoa. Lengo ni R3 iwe τ3 + xy, na R1 na R2 zirudi zilivyokuwa. Andika:

(τ1 + x)(τ2 + y) − τ1(τ2 + y) − (τ1 + x)τ2 + τ1τ2 = xy

Kila kizidisho upande wa kushoto ni R1 mara R2 kwa wakati fulani: zote mbili zimeongezwa, ya pili tu, ya kwanza tu, hakuna. Unaongeza au kutoa kizidisho hicho kwenye R3, unawasha na kuzima x na y katikati, na mwisho R1 na R2 ziko kama ulivyozikuta. Ni sawa na kufanyia kazi kwenye stoo iliyojaa magunia ya jirani, ukayasogeza na kuyarudisha bila kukodi stoo ya pili.

Kisha sema kwa maneno, bila kuthibitisha, hatua mbili za kutoka hapo hadi thioremu. Kwanza, kila biti ya matokeo ya kifundo ni polinomia ya biti za watoto, na badala ya kizidisho cha vitu viwili unafanya jumla juu ya elementi za uga wenye ukomo (mfumo wenye elementi za kuhesabika ambamo unajumlisha, unatoa, unazidisha na kugawanya) ambao ukubwa wake ni polinomia ya db. Jumla hiyo ndiyo inayoondoa τ zote na kubakiza thamani halisi. Pili, kinachokaa kwenye kila ngazi ya kujirudia ni kaunta tu ya elementi ipi ya uga unayoifanyia kazi, biti O(log db), kwa kuwa rejista zenyewe ni zile zile kwa ngazi zote. Ndiyo maana b imejitenga na h: rejista unalipia mara moja, kaunta unalipia kila ngazi.

Ukitaka toleo safi la kusoma kabla ya siku hiyo, Oded Goldreich aliandika maelezo mafupi ya algoriti ya Cook na Mertz na kuyaweka ECCC, hifadhi ya mtandaoni ya ripoti za uchangamano, mwaka 2024. Ni rahisi kuliko makala ya awali, na ishara alizotumia zinafaa ubao.

Jiandae kwa maswali haya, yatakuja:

"Kwa hiyo P (yanayotatuliwa kwa muda wa polinomia) si sawa na PSPACE (kwa nafasi ya polinomia)?" Hapana, hilo halijathibitishwa. Kinachotoka ni kwamba yapo matatizo yanayotatuliwa kwa nafasi O(n) ambayo mashine ya tepe nyingi haiwezi kuyatatua kwa muda n^(2−ε), kwa ε yoyote kubwa kuliko sifuri. Sababu iwe tayari kwenye slaidi ya akiba: kama nafasi n yote ingeingia kwenye muda n^(2−ε), thioremu mpya ingeiingiza kwenye nafasi ndogo kuliko n, na hilo linapingana na thioremu ya ngazi za nafasi (nafasi kubwa zaidi inatatua matatizo mengi zaidi) ya Stearns, Hartmanis na Lewis ya 1965. Kutenganisha P na PSPACE kwa njia hii kungehitaji nafasi t^ε kwa kila ε, na hapa tumekwama kwenye nusu.

"Kompyuta yangu itahitaji RAM ndogo?" Hapana. Muda unalipuka, unakuwa kama 2 kwa kipeo cha nafasi. Thioremu inahusu kinachowezekana kwa nafasi pekee. Usiseme popote neno "haraka".

"Mti una vifundo vingi kupindukia, unawekwa wapi?" Hauwekwi popote. Unahitaji kujua uko kwenye njia gani kutoka mzizini, na hiyo ni biti chache kwa kila ngazi, kwa sababu matawi ni k + 1 tu.

"Inashika kwa mashine zenye ufikiaji wa moja kwa moja wa kumbukumbu?" Jibu hilo kwa uangalifu: uthibitisho unategemea kichwa kisogee seli moja kwa hatua, ndiyo maana kipande cha hatua b kinagusa vitalu vichache. Mashine inayoruka popote kwa hatua moja inavunja hoja hiyo. Sema "uthibitisho huu haufiki huko", usiseme "haiwezekani".

---

sakiti_fupi aliandika:

Asanteni sana wakuu, nimeshafuta slaidi 20. Kitu kimoja kinanisumbua: grafu inategemea vichwa vilienda wapi, na hilo hatulijui kabla ya kuendesha mashine. Mtu wa aljebra mmoja pale hataniacha.

---

kipeuo_cha_pili alijibu:

Swali zuri, na usisubiri aulize. Unapochora grafu sema wazi: "kwa sasa chukulieni grafu tumepewa." Kisha baada ya hesabu ya b + h log b, tumia sekunde 40 kulipa deni hilo.

Mwishoni mwa kila kipande, kila kichwa kinabaki kwenye kitalu chake, kinakwenda cha kushoto au cha kulia. Chaguo tatu kwa kila utepe. Grafu nzima basi inaelezwa kwa biti O(t/b), ambazo ni pungufu ya nafasi tuliyonayo. Algoriti inajaribu maelezo yote, moja baada ya jingine, ikitumia nafasi ile ile. Kwa kila jaribio inakokotoa mti, na kila kifundo kinakagua kama mwendo wa vichwa uliokisiwa unalingana na uliotokea. Usipolingana, kifundo kinatoa alama ya kosa, na alama hiyo inapanda hadi mzizini. Kisio sahihi ni kimoja tu, kwa kuwa mashine haina bahati nasibu.

Hapo pia ndipo sehemu ya mlipuko wa muda inapotoka, kwa hiyo swali la RAM ndogo utakuwa umelijibu nusu.

Na kwa rangi kwenye slaidi: usitumie nyekundu na kijani kutofautisha tepe. Kuna watu ambao macho yao hayazitofautishi. Tumia mstari mzito na mstari wa vitone. Herufi zisiwe chini ya ukubwa wa 24, na vipeo (kama ile 20 ndogo ya 2^20) usivipunguze zaidi.

---

ripoti_mpya alijibu:

Najibu la pili, la mkutano.

Kwanza weka makala hadharani kabla ya kufikiria mkutano. Sehemu mbili: arXiv (hifadhi ya wazi ya makala za sayansi) kundi la cs.CC, ambalo ni la uchangamano, na ECCC, iliyoanza 1994. Mwandishi mpya kwenye arXiv anaweza kudaiwa mtu wa kumwidhinisha, kwa hiyo usisubiri siku ya mwisho kugundua hilo. ECCC ina bodi inayopitia kila ripoti kwa juu juu: wanaangalia kama ni matokeo ya uchangamano kweli na kama yameandikwa kwa namna inayoweza kukaguliwa. Kuweka sehemu hizo mbili hakukuzuii kupeleka mkutanoni. Kinachokatazwa ni kupeleka makala ile ile kwenye mikutano miwili yenye vitabu vya makala kwa wakati mmoja.

Mkutano wa fani hii hasa ni CCC. Ulianza 1986 Berkeley ukiitwa mkutano wa muundo wa uchangamano, ukabadili jina 1996, na tangu 2015 unajitegemea nje ya IEEE, makala zikichapishwa LIPIcs (mfululizo wa vitabu vya makala za mikutano) bila malipo kwa msomaji. Wanaosoma makala yako pale ni watu wa sakiti na uthibitisho, kwa hiyo huhitaji kurasa mbili za kueleza kwa nini sakiti ni muhimu. Unahitaji kueleza kwa nini *mbinu* yako haijulikani. STOC (tangu 1969) na FOCS (tangu 1960) ni za nadharia nzima ya kompyuta na zinataka matokeo yatakayomgusa hata mtu wa algoriti. Matokeo madogo ya sakiti, hata yakiwa sahihi na mazuri, mara nyingi hayapiti huko. Mimi ningeanza na CCC, na kama haikupita, MFCS au STACS, mikutano mingine ya nadharia.

Ratiba, kwa kawaida na si kwa siku: STOC inafunga mapema Novemba kwa mkutano wa Juni. CCC inafunga karibu Februari kwa mkutano wa katikati ya mwaka, na ICALP, mkutano mwingine wa nadharia, miezi hiyo hiyo. FOCS na MFCS ni karibu Aprili, ya kwanza ikifanyika miezi ya mwisho wa mwaka na ya pili Agosti. ITCS (nao ni wa nadharia) na STACS zinafunga karibu Septemba kwa mwanzo wa mwaka unaofuata. Soma tangazo la mwaka husika, tarehe zinasogea wiki mbili tatu.

Angalia herufi AoE kwenye tarehe ya mwisho. Ni saa za eneo lililo nyuma ya saa za dunia kwa saa 12, na Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3. Usiku wa 23:59 AoE kwetu ni kesho yake 14:59, yaani saa tisa alasiri kasoro dakika moja. Watu wanaopanga kumaliza usiku wa manane wa hapa wana zaidi ya nusu siku ya ziada wasiyoijua. Lakini usiitumie yote: mfumo wa kupokea makala hulemewa saa ya mwisho. Pakia toleo la kwanza siku moja kabla, kisha libadilishe.

Kurasa zako 14 ni sawa. Mikutano kadhaa ya LIPIcs hutaka kati ya 12 na 15 bila marejeo, kwa kutumia kiolezo chao cha LaTeX, lipics-v2021. Usiguse pembezoni wala ukubwa wa herufi, makala inaweza kukataliwa bila kusomwa. Uthibitisho mrefu unaingia kwenye kiambatisho, ambacho msomaji halazimiki kukifungua. Hapo ndipo makala nyingi za mara ya kwanza zinaanguka: wazo lote limefichwa kwenye kiambatisho, na kurasa kumi za mbele zimejaa fasili.

Panga hivi. Thioremu kuu ionekane mwisho wa ukurasa wa kwanza au mwanzo wa wa pili, na namba zote zikiwemo: kina d, ukubwa s, aina ya milango. Papo hapo sema kikomo bora kilichojulikana kabla kilikuwa kipi. Kama matokeo yako ni kikomo cha chini kwa sakiti za kina d, msomaji yeyote wa CCC atakilinganisha na kile cha Håstad cha 1986 kwa kazi ya usawa wa biti (parity: je, idadi ya biti za 1 ni witiri?), ukubwa wa 2 kwa kipeo Ω(n^(1/(d−1))). Usipoandika ulinganisho huo atauandika yeye kwenye ripoti yake, na hautakupendelea. Kurasa tatu hadi tano zinazofuata ziwe muhtasari wa uthibitisho kwa maneno, pamoja na aya inayosema mbinu za zamani zinakwama wapi. Angalia pia kizuizi cha Razborov na Rudich cha uthibitisho wa asili (hoja kwamba, ukikubali dhana za usimbaji, aina kubwa ya mbinu haiwezi kufikia sakiti za jumla). Kwa sakiti za kina kidogo zenye milango ya NA, AU na SI pekee hakikuzuii, lakini ukidai kwamba mbinu itapanda hadi sakiti za jumla, utaulizwa.

Soma tangazo pia kuhusu majina: baadhi ya mikutano inataka makala isiyo na majina ya waandishi, mingine inataka yawepo. Ukikosea hilo siku ya mwisho huna muda wa kusafisha shukrani na marejeo yanayokutaja.

---

hati_za_safari alijibu:

Nyongeza kwa upande wa kusafiri, maana makala ikipita, mwandishi mmoja angalau lazima ajisajili, na kwa kawaida mmoja anatakiwa kuwasilisha.

Kati ya taarifa ya kukubaliwa na mkutano wenyewe kuna miezi miwili hadi minne, na kwa pasi za Afrika Mashariki viza ndiyo inayobana. Maombi ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi ni siku 15, lakini wanaruhusiwa kuongeza hadi 45, kwa hiyo hesabu 45. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Kinachochelewesha ni nafasi ya miadi, si uamuzi. Weka miadi siku ile ile unayopata barua ya kukubaliwa.

Waandikie waandaaji mara moja uombe barua ya mwaliko yenye jina kama lilivyo kwenye pasi, kichwa cha makala, tarehe na mahali. Kwenye barua pepe hiyo hiyo uliza kuhusu ruzuku ya wanafunzi, kwa sababu tarehe yake ya mwisho mara nyingi hutangulia ile ya usajili wa bei nafuu. Viza ikikataliwa, waarifu kabla ya programu kuchapishwa. Waandaaji wengi watakubali uwasilishe kwa video au mwandishi mwenza asimame, ila wakijua wiki ya mkutano hawana la kufanya.

Semina za Dagstuhl kule Ujerumani usizipangie: zinaingiwa kwa mwaliko tu. Kwa mtu aliyeko hapa, mihadhara ya Simons Institute ya Berkeley (taasisi ya nadharia ya kompyuta) na ile ya semina ya mtandaoni ya TCS+ iko bure mtandaoni. Kabla ya semina yako tafuta humo wasilisho lolote la dakika 20 hadi 30 la uchangamano, ulitazame ukiwa na saa mkononi, uandike ni dakika ya ngapi kauli kuu inatamkwa.